Uliza Mwalimu: Fedha za Washington zinafikaje darasani?

Tangu nistaafu ukuu wa shule na kupewa ukurasa huu, barua nyingi zinazonifikia hapa Magomeni ni za uhamisho, michango na matokeo ya kidato cha nne. Mwezi huu zimekuja nne za namna nyingine. Zote zinauliza habari ya fedha ambazo serikali hutoa wakati wa dhiki, na njia zinazopita mpaka zimfikie mtoto aliyeketi kwenye dawati. Jambo hili lilininyima usingizi miaka mingi nikiwa kazini, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kwanza anaishi Ohio, Marekani. Mkewe alipata kazi katika shule ya serikali ya kuwasaidia watoto waliobaki nyuma katika kusoma. Waliompa kazi walimwambia mshahara wake unatoka kwenye fedha za corona. Ilipofika mwisho wa 2024 akaambiwa fedha zimekwisha, akarudi nyumbani. Rafiki yake wa mji wa jirani hakuwahi hata kuipata kazi kama hiyo, kwa sababu shule za kwao zilipewa kidogo. Mimi nimejiuliza: nchi ni moja, rais ni mmoja, fedha ni zilezile. Nani aligawa, na kwa kipimo gani? Nieleze kama unavyomweleza mzazi kwenye kikao cha shule, maana mkwe wangu anadhani alifanya kosa.
Mama wa watoto watatu, Tandika

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie mkwe wako asijilaumu hata kidogo. Tarehe ya kuisha kwa kazi yake ilikuwa imeshapangwa kisheria kabla hajaajiriwa, na rafiki yake alikosa kwa sababu ya hesabu iliyopigwa mbali sana na shule zao zote mbili.

Kwanza weka pembeni picha ya TAMISEMI. Kwetu mwalimu wa serikali ni mwajiriwa wa serikali, mshahara wake unatoka Hazina, na ruzuku ya shule inaingia kwenye akaunti ya shule kutoka serikali kuu. Marekani si hivyo. Kila jimbo lina sheria zake za elimu, na ndani ya majimbo kuna wilaya za shule, zaidi ya 13,000 nchi nzima. Usifikirie wilaya kama Temeke yenye mkuu wa wilaya. Hii ni mamlaka ya shule peke yake: ina bodi ambayo mara nyingi wananchi huipigia kura, ina mkurugenzi wake, inaajiri walimu wake, na sehemu kubwa ya fedha zake ni kodi ya majengo ya watu wanaokaa hapohapo. Ile kodi ya jengo tunayokatwa tukinunua umeme wa LUKU, fikiria ingebaki mtaani kwenu na kulipa walimu wa mtaa wenu. Masaki wangekuwa na shule yao, nanyi Tandika mna yenu. Ndivyo wanavyoishi, jimbo likijazia pengo kwa kiasi chake. Serikali ya Washington, katika miaka ya kawaida, huchangia chini ya asilimia 10 ya fedha zote za shule za umma.

Corona ilipofunga shule, Bunge lao lilipitisha sheria tatu zenye fedha za shule. Ya Machi 2020, wakati wa Trump, ilikuwa na dola bilioni 13.2. Ya Desemba mwaka huohuo, bilioni 54.3. Ya Machi 2021, wakati wa Biden, karibu bilioni 122. Ukijumlisha unakaribia bilioni 190. Mfuko wote ulipewa jina moja, ESSER, kwa hiyo watu wa shuleni kule huzitaja kwa namba: ESSER ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa tarehe ulizoniandikia, mshahara wa mkwe wako ulitoka kwenye ile ya tatu.

Sasa kipimo. Bunge lilikuwa na haraka, likaacha kutunga hesabu mpya. Lilichukua hesabu iliyokuwepo, ya mpango ulioanza 1965 wa kusaidia shule zenye watoto maskini. Mimi nitauita Fungu la Kwanza, kwa sababu ndiyo sehemu ya kwanza ya sheria ile. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana ni historia ninayoipenda. Rais Lyndon Johnson aliwahi kuwa mwalimu. Mwaka 1928 alifundisha Cotulla, mji mdogo wa Texas, watoto wa familia zenye asili ya Meksiko, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba wengi walikuja darasani na njaa. Tarehe 11 Aprili 1965 alitia saini sheria ile karibu na shule aliyosomea utotoni, na pembeni yake alikuwa ameketi mwalimu wake wa kwanza. Mtu aliyewahi kufundisha watoto wenye njaa hahitaji kuelezwa kwa nini uwahesabu kwanza.

Fungu la Kwanza huhesabu watoto wa miaka 5 hadi 17 wanaoishi katika kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini, kwa makadirio ya ofisi ya sensa. Wilaya yenye watoto wengi wa namna hiyo, au ambako wao ni sehemu kubwa ya watoto wote, huongezewa uzito. Halafu kuna kipengele ambacho sikubaliani nacho hata leo: hesabu ya kila mtoto maskini huzidishwa kwa kiwango kinachotokana na fedha ambazo jimbo lake hutumia kwa mwanafunzi mmoja. Kuna kima cha juu na kima cha chini, lakini tofauti inabaki. Mtoto maskini wa jimbo linalotumia sana anahesabiwa kwa fedha nyingi kuliko mtoto maskini wa jimbo ambalo tangu mwanzo lilikuwa halina kitu. Umaskini wao ni uleule, ila mmoja amezaliwa mahali ambapo hesabu inampenda zaidi.

Basi kila jimbo likapata sehemu ileile ya ESSER ambayo lingepata ya Fungu la Kwanza. Jimbo likatakiwa lipeleke angalau asilimia 90 kwa wilaya za shule, tena kwa kipimo hichohicho. Kinachobaki lisimamie lenyewe. Chukua mfano. Jimbo limepata dola bilioni moja. Milioni 900 lazima zishuke. Wilaya ambayo huwa inapata asilimia 2 ya Fungu la Kwanza la jimbo lake inaandikiwa milioni 18. Wilaya ya jirani, yenye watoto idadi ileile lakini maskini wachache, inaweza kuandikiwa milioni 2 tu. Kwenye mto huo ndipo rafiki wa mkwe wako aliposimama: kila upande ulikuwa na watoto waliokosa masomo, lakini mkondo wa fedha ulipita upande mmoja.

Mimi naona kipimo hicho, pamoja na kasoro zake, kilikuwa bora kuliko kugawa sawa kwa sawa. Kasoro kubwa ilikuwa umri wa takwimu. Makadirio yale yakifika kwenye mgao huwa yamechelewa kama miaka miwili. Baba aliyepoteza kazi Aprili 2020 hakuwemo kwenye hesabu iliyotumika kugawa fedha za kumsaidia mwanawe.

Hilo nalijua kwa mwili wangu. Shule niliyoongoza, ya kata, pembezoni mwa jiji hili, ilikuwa kwenye eneo ambalo watu walikuwa wakihamia kila wiki. Tulijaza fomu ya takwimu mwezi wa tatu. Kuanzia mwezi wa nne wakaja watoto wengine kwa uhamisho, mwaka mmoja wakafika 61. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake kwa ajili ya vitabu, na 12,500 ndiyo ya kuendeshea shule. Wale 61 walikalia madawati, walitumia chaki, walifanya mitihani ya karatasi za shule, lakini kwenye fedha hawakuwepo mpaka mwaka uliofuata. Nilikuwa nikigawa karatasi za mtihani huku najua kabisa nani amelipiwa na nani hajalipiwa. Tangu hapo, mtu akinitajia mgao wowote, swali langu la kwanza huwa: mlihesabu nani, na lini?

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi wa kule walilikosa. Fedha ziligawiwa kwa wilaya kwa hesabu ya watoto maskini, lakini sheria haikuilazimisha wilaya kuzipeleka kwenye shule za watoto hao. Zikishafika makao makuu ya wilaya, zingeweza kutumika shule yoyote, na orodha ya matumizi ilikuwa pana sana: mitambo ya hewa, kompyuta, sabuni na barakoa, wauguzi, masomo ya likizo, mishahara. Sharti kubwa lilikuja na ESSER ya tatu. Wilaya ilitakiwa itenge angalau asilimia 20 kwa ajili ya masomo yaliyopotea, na huko ndiko kazi kama ya mkwe wako ilikoangukia. Sheria hiyohiyo ilikataza pia shule zenye watoto maskini wengi zisipunguziwe fedha na walimu kuliko wengine. Vilevile kila wilaya ilitakiwa itangaze mpango wake wa kurudisha watoto darasani kwa usalama, ndani ya siku 30 tangu ipewe fedha, na isikilize maoni ya wananchi.

Na usidhani wilaya zilipelekewa fedha zote mkupuo. Sisi tumezoea masurufu: unachukua fedha, unanunua, unarudi na stakabadhi. Wao kwa kawaida huanzia upande wa pili. Wilaya inaandika maombi, jimbo linakubali, wilaya inatumia fedha zake, kisha inapeleka hesabu na kurudishiwa. Kwa ESSER ya tatu hata majimbo yenyewe yalifunguliwa theluthi mbili kwanza, theluthi ya mwisho ikasubiri mipango yao ipitiwe na wizara ya elimu ya Washington. Ndiyo maana ungesikia mwaka mzima umepita na wilaya fulani "haijatumia" fedha, kumbe mikataba imesainiwa na malipo bado yapo njiani.

Kilichomwondoa mkwe wako kazini ni tarehe. ESSER ya kwanza ilitakiwa iwe imeingizwa kwenye mikataba au ahadi za malipo ifikapo 30 Septemba 2022, ya pili 30 Septemba 2023, ya tatu 30 Septemba 2024. Baada ya hapo ulibaki muda mfupi wa kukamilisha malipo, siku 120. Baadhi ya majimbo yaliomba yaongezewe muda wa kulipa madeni yaliyokwisha kuahidiwa, na Machi 2025 waziri wa elimu Linda McMahon akayaandikia kwamba muda ule umefungwa. Mengine yalikwenda mahakamani. Lakini kuajiri mtu kwa fedha zile baada ya Septemba 2024, hapana. Waliomwajiri walijua. Kama hawakumwambia siku ya kwanza kwamba mkataba una mwisho, kosa hilo ni lao.

Akitaka kuendelea na kazi ile, asibishe hodi shule aliyokuwa akifanyia. Aende kwenye kikao cha bodi ya wilaya ya shule, ambacho wananchi wanaruhusiwa kuingia, aulize kama Fungu la Kwanza la kila mwaka, ambalo halikuisha, linaweza kubeba nafasi ya msaidizi wa kusoma.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uhasibu, mwaka wa pili. Mhadhiri alitutajia fedha za kuokoa uchumi za Marekani za 2009 akasema "shule zilipata kwa njia nyingine kabisa". Hakuwa na muda wa kueleza. Njia ipi?
Mwanafunzi, Kijitonyama

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhadhiri wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa.

Mwaka 2009 tatizo halikuwa ugonjwa bali mabenki na nyumba. Kodi za majimbo ziliporomoka, majimbo yakaanza kukata bajeti, na walimu wakaanza kupewa barua za kuachishwa. Tarehe 17 Februari 2009 Obama alitia saini sheria ya dola bilioni 787, na fungu kubwa la elimu ndani yake lilikuwa mfuko wa kuyatuliza majimbo, bilioni 53.6. Mfuko huu haukugawiwa kwa umaskini. Sehemu ya kila jimbo ilifuata idadi ya watu: asilimia 61 kwa hesabu ya wenye umri wa miaka 5 hadi 24, na asilimia 39 kwa hesabu ya watu wote. Ilipofika jimboni, kazi ya kwanza ilikuwa kuziba tundu la bajeti ya jimbo lenyewe, yaani kurudisha fedha za elimu zilipokuwa kabla ya kukatwa, kwa kutumia hesabu ya kawaida ya jimbo. Kilichobaki baada ya hapo ndicho kilichofuata Fungu la Kwanza.

Sambamba na mfuko huo, bilioni 10 ziliongezwa moja kwa moja kwenye Fungu la Kwanza, na zaidi ya bilioni 11 zikaenda kwa wanafunzi wenye ulemavu kupitia sheria yao. Kwa hiyo kwenye daftari la wilaya moja ya shule ungekuta mistari mitatu ya fedha za serikali moja, kila mstari na kipimo chake na masharti yake. Wewe unayesoma uhasibu utaona hapo kazi iliyopo.

Halafu kulikuwa na mashindano. Dola bilioni 4.35 ziliwekwa mezani, majimbo yaandike mipango ya kurekebisha elimu, mwenye alama nyingi achukue. Machi 2010 washindi wa kwanza walikuwa Delaware na Tennessee. Nimekaa kwenye vikao vingi ambako shule yenye mwandishi mzuri wa andiko ilipata mradi, na shule yenye uhitaji ikakosa kwa sababu mkuu wake alikuwa akifundisha vipindi 24 kwa wiki na hakuwa na usiku wa kuandika. Fedha za dharura sipendi zigawiwe kwa insha. Mtoto hana mkono katika ufundi wa kalamu ya mkubwa wake.

Somo ambalo waliondoka nalo ni la 2011. Fedha zilikuwa na mwisho, Septemba mwaka huo, na kodi za majimbo mengi zilikuwa bado hazijasimama. Ingawa Agosti 2010 Bunge liliongeza bilioni 10 za kulinda ajira za walimu, wilaya nyingi ziliukuta ukingo wa shimo uko palepale. Sheria za corona ziliweka sharti kwamba jimbo lisipunguze sehemu yake ya bajeti inayokwenda kwenye elimu eti kwa sababu Washington imeleta. Lisome sharti hilo vizuri, utalikuta kwenye mikopo na misaada mingi utakayofanya nayo kazi hapa nyumbani.

SWALI: Mwalimu, nafundisha shule binafsi Tabata. 2020 tulikaa miezi bila mshahara. Je, wenzetu wa shule binafsi Marekani walikumbukwa?
Mwalimu wa Hisabati

JIBU: Walikumbukwa, lakini kwa ugomvi. Pole sana kwa miezi ile. Wengi wenu mlikuja kuniuliza kama kuna nafasi ya kujitolea, nami sikuwa nayo.

Sheria ya kwanza iliitaka wilaya ya shule itoe huduma kwa wanafunzi wa shule binafsi pia, kwa kufuata utaratibu wa Fungu la Kwanza, yaani kwa hesabu ya watoto maskini. Waziri wa wakati huo, Betsy DeVos, akataka wahesabiwe wanafunzi wote wa shule binafsi, hata wa familia tajiri. Majimbo na wazazi wakaenda mahakamani, na Septemba 2020 kanuni yake ikafutwa. Baada ya hapo Bunge lilitenga fungu la pembeni, dola bilioni 2.75 katika sheria ya pili na nyingine kama hizo katika ya tatu, zisimamiwe na majimbo. Shule binafsi haikukabidhiwa fedha taslimu za kutumia itakavyo. Umiliki ulibaki kwa mamlaka ya umma, na katika awamu ya tatu walilengwa wanaohudumia watoto maskini wengi. Kipimo kikawa kilekile, na hapo naona walifanya haki.

SWALI: Shikamoo Mwalimu wetu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari, Mbagala. Wengi tunasema "fedha za UVIKO" kwa madarasa yale mapya, lakini hatujui ziligawiwaje kwetu. Kwa nini kila darasa lilipewa milioni 20, mjini na kijijini sawa? Na sisi wajumbe tuna haki ya kuuliza nini?
Mjumbe, Mbagala

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Swali hili nimelibeba tangu mimi mwenyewe niliposimamia ujenzi.

Fedha zile kwetu hazikuwa za Hazina tupu. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, karibu shilingi trilioni 1.3, na tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia alizindua mpango wa kuzitumia Dodoma. Kwa elimu, jambo kubwa lilikuwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kipimo kilikuwa upungufu wa vyumba kwa watoto waliotarajiwa kuingia Januari 2022. Unaona tofauti: Marekani walihesabu umaskini wa kaya, sisi tulihesabu watoto wasio na pa kukaa. Wao fedha zikaenda kwa kiasi kikubwa kwenye watu, mishahara ya muda na masomo ya ziada. Sisi zikaenda kwenye kuta. Kwa miaka ile sioni aibu kwa uamuzi wetu. Nimeona kidato cha kwanza wakisoma kwa zamu, nusu wanaingia nusu wako nje chini ya mwarobaini, na nimeona Januari 2022 wote wakiingia kwa kengele moja. Lakini ukuta haufundishi. Madarasa yale yalikuja bila mwalimu wa Fizikia, na mpaka nastaafu niliacha vyumba vipya vinne vyenye mwalimu mmoja wa somo hilo.

Kiwango kimoja cha milioni 20, pamoja na viti na meza, kilikuwa na wepesi wake. Kila mtu alikijua, hata mama muuza maandazi getini, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kumdanganya. Ubaya wake uliupata mwenye eneo gumu. Mahali ambapo mchanga uko karibu na mafundi ni wa kijijini, fedha zilibaki zikatia rangi na varanda. Kwetu, kiwanja kilikuwa cha bondeni, msingi ulikula mawe na nondo kuliko makadirio, na bei ya saruji ilipanda mara tu shule zote za jiji zilipoanza kununua wiki moja. Hakuna kipengele kilichosema udongo wa bondeni uhesabiwe zaidi. Tulimaliza kwa sababu wazazi walichimba msingi wenyewe Jumamosi tatu.

Kuhusu haki yako, ujenzi ule ulikuwa wa fosi akaunti: fedha kwenye akaunti ya shule, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zikifanya kazi. Kwa ujenzi wowote wa namna hiyo, mjumbe aombe kuona barua ya kuingia kwa fedha na tarehe yake, mihutasari ya kamati zote tatu, na leja ya stoo: mifuko mingapi iliingia, mingapi ilitoka, nani alisaini. Ruzuku ya kila mwezi nayo, omba idadi ya wanafunzi iliyotumika kuikokotoa, uilinganishe na rejista ya mahudhurio ya mwezi huo. Zikitofautiana, bodi iandike barua kwa mkurugenzi, iweke nakala. Mimi ziliponitofautiana niliandika mara mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliambatanisha majina ya watoto wote 61 na shule walizotoka, na kwenye mgao wa mwaka uliofuata walikuwemo wote.

Na mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Wa kwetu niliukuta kwenye korido ya ofisi ya mhasibu, mahali ambapo mzazi hafiki ila ameitwa. Niliuhamishia nje ya geti, kwenye kivuli ambapo wazazi husubiri watoto, na wiki ya kwanza tu mzee mmoja aliniuliza kwa nini tulinunua fagio 40 mwezi mmoja. Nilimpeleka stoo nikamwonyesha. Anza na hilo, ndugu yangu: ukienda shuleni kesho, tazama ubao wenu umetundikwa wapi.